Kuosha vyuma vya injini ya zamani: mafuta ya taa, kostiki, molasi au mchanga?

Kabla hujachukua dumu la mafuta, chukua sumaku. Ya spika mbovu ya redio inatosha. Ipitishe juu ya kila kipande kilichotoka kwenye injini: kinachonasa kiende karai la kushoto, kisichonasa kiende la kulia. Kushoto zitajaa kasti (chuma cha kumimina) na chuma cha kawaida, yaani bloku, krenki, kamshafti, manifodi ya ekzosi. Kulia zitabaki alumini, shaba na ile aloi ya zinki ya kabureta. Mgawanyo huu ndio unaoamua karibu kila kitu kinachofuata, kwa sababu dawa inayotakasa bloku la Land Rover usiku mmoja ndiyo hiyo hiyo inayoila pistoni ya Land Rover hiyo hiyo.

Sumaku ina udanganyifu wake mahali pawili. Baadhi ya valvu za ekzosi hazinasi ingawa ni chuma kigumu. Na beringi hunasa kwa sababu mgongo wake ni chuma, lakini uso unaobeba krenki ni madini laini. Beringi usizipeleke kwenye dawa yoyote kali. Zikague, zipime, na ukizitupa zitupe kwa sababu ya vipimo.

Hapa tunatumia injini tatu kama mifano, maana kila moja ina tabia yake. Injini ya petroli ya Land Rover ya sentimita za ujazo 2286, iliyoanza kutumika 1958, ina bloku la kasti na hedi ya kasti. Peugeot 504, iliyotoka 1968, ina bloku la kasti, hedi ya alumini, na silinda za kuchomoa ambazo maji yanazizunguka moja kwa moja. Volkswagen Beetle ina gamba la krenki la aloi ya magnesi. Pistoni za zote tatu ni alumini.

Jambo la pili la kujiuliza ni uchafu gani upo. Tope jeusi la oili ni kitu kimoja, ukoko wa kaboni juu ya pistoni ni kingine, na tope jekundu la kutu kwenye njia za maji ni kingine kabisa. Wengi hukosea hapa: wanaloweka kutu kwenye mafuta ya taa siku tatu, halafu wanashangaa kutu iko pale pale. Mafuta hayayeyushi kutu. Kostiki nayo haiyeyushi kutu. Siki haiondoi oili. Kila dawa ina mlo wake.

Mafuta ya taa, dizeli au petroli

Kwa tope la oili na grisi, mafuta ya taa ndiyo chaguo la kwanza, na si kwa mazoea tu. Petroli inayeyusha haraka zaidi, lakini mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi kali kuliko tuliyowahi kuiona kanda ya ziwa, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa la mama lishe aliyekaa mita kadhaa kutoka kwenye karai lako. Mafuta ya taa yanahitaji kufika nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike. Katika joto la kawaida la Mwanza, kivulini, una nafasi ya usalama. Ukiyapasha moto ili yafanye kazi haraka, nafasi hiyo umeitupa. Usiyapashe.

Dizeli ni salama zaidi kwa moto lakini ni nzito, hukauka polepole na huacha utando unaozuia rangi na gasketi ya kupaka kushika. Inafaa kwa kuloweka boliti zilizokwama na kwa kuosha nje ya bloku mara ya kwanza kabisa. Mafuta ya taa pia huacha utando, ila mwembamba, na huo unakufaa kwa sababu unazuia kutu kwa saa kadhaa. Uondoe kwa sabuni pale tu unapokuwa tayari kupaka rangi au kufunga.

Kwa injini ya silinda nne panga lita 15 hadi 20. Zigawanye mara mbili: lita 10 hivi karai la kwanza kwa uchafu mzito, na lita 5 karai la pili kwa kusuuza. Ukitumia karai moja, kipande cha kumi utakiosha kwa tope la vipande tisa. Kwangua tope nene kwa kijiti au plastiki kwanza, ndipo uloweke. Ukianza kwa kuloweka, nusu ya mafuta yako inageuka uji ndani ya dakika kumi. Acha vipande vilowe saa 2 hadi usiku mmoja, kisha brashi ya nailoni. Brashi ya waya iache kwa sehemu za nje za kasti.

Mafuta ya taa yana faida nyingine ambayo washindani wake hawana: yanakuonyesha nyufa. Lowesha hedi nusu saa, ifute ikauke kabisa kwa kitambaa, kisha paka unga wa chaki uliokorogwa na spiriti. Chaki ikikauka iwe nyeupe, subiri. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari wa kijivu juu ya weupe. Angalia sana katikati ya viti vya valvu na kati ya silinda na silinda. Ufa mwembamba sana unaweza kupita bila kuonekana kwa njia hii, lakini ule wa kukuharibia oveholi nzima mara nyingi hujitokeza, na ni heri uuone kabla hujalipia kuchonga.

Kostiki: nguvu kubwa kwa kasti peke yake

Kostiki soda, ile wanayonunua watengeneza sabuni, hufanya kwenye injini kile kile inachofanya kwenye sufuria ya sabuni: inageuza mafuta ya zamani yaliyoganda kuwa kitu kinachosuuzika kwa maji. Inamenya rangi, inaondoa grisi iliyokauka miaka ishirini, inaingia kwenye pembe ambazo brashi haifiki. Ukilinganisha na mafuta ya taa kwenye bloku lililochakaa sana, kostiki inamaliza usiku mmoja kazi ambayo mafuta yangeichukua siku nne na mikono mitatu.

Lakini soma orodha ya vitu inavyokula: alumini, zinki, na madini laini ya beringi. Hapa kuna mtego wa jikoni na mtego wa gereji. Wa jikoni: sufuria zetu nyingi ni za alumini. Ukiweka maji ya kostiki humo, yanaanza kutoa mapovu, yanachemka yenyewe, yanatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na mwisho sufuria inatoboka na kukumwagia miguuni. Ndoo na karai la bati lililopakwa zinki vina tatizo hilo hilo. Chombo ni pipa la chuma tupu lililokatwa nusu, au plastiki nene ikiwa huchemshi. Na pipa lenyewe, kama lilibeba mafuta au thina, lijaze maji kabla ya kulikata. Pipa tupu lenye mvuke hulipuka likiguswa na cheche.

Mtego wa gereji ni beringi za kamshafti zilizobaki ndani ya bloku. Hazionekani vizuri, fundi anazisahau, na bloku linatoka safi likiwa na beringi zilizoliwa. Zing'oe kwanza. Vivyo hivyo vizibo vya njia za oili, na vizibo vya chuma vya pembeni vya njia za maji. Kama huna mpango wa kung'oa beringi hizo, usitumie kostiki, ishia kwenye mafuta ya taa na sabuni.

Kipimo: gramu 50 hadi 60 kwa kila lita ya maji. Bloku la silinda nne linahitaji kama lita 70 ili lizame, kwa hiyo kilo 4 hivi. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga kwa mti. Ukimimina maji juu ya kostiki, yale ya mwanzo yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Joto la nyuzi 60 hadi 80 linatosha. Maji yakitokota yanaruka. Kwa maji baridi acha saa 24, kwa moto saa 4 hadi 8.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya: kuchukua bloku linalotiririka mafuta ya taa na kulitumbukiza kwenye pipa lililo juu ya moto. Mafuta yanaelea juu ya maji, yanapata joto kupita nyuzi 38, na chini kuna makaa. Bloku lipitie sabuni na maji kwanza.

Glovu ndefu za mpira, miwani inayofunika pembeni, buti, na ndoo mbili za maji safi karibu. Ikikugusa ngozi, maji mengi mfululizo, usitafute siki. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka dakika 20 bila kuacha, halafu hospitali. Kostiki haiumi sana mwanzoni, ndiyo maana inadanganya. Utelezi unaousikia kwenye vidole ni ngozi yako inayogeuka sabuni.

Ukitoa bloku, lisuuze kwa maji mengi hadi utelezi uishe, kisha una dakika chache tu. Kasti iliyovuliwa mafuta yote, kwenye unyevu wa ziwa na hasa wakati wa masika, inaanza kugeuka rangi ya chungwa mbele ya macho yako. Puliza upepo, paka oili. Ukiwa peke yako kwenye kazi hii, oili na brashi ziwe zimeshafunguliwa kabla hujalitoa bloku pipani.

Kutu: siki, molasi au umeme

Magari mengi ya zamani hapa yameendeshwa kwa maji matupu kwenye rejeta. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo huoni ukoko mweupe mgumu kama wa pwani, bali tope jekundu lililojaa chini ya njia za maji. Kwenye 504 linakaa chini kabisa, pale silinda za kuchomoa zinapokalia bloku, na ndipo panapovuja likiachwa.

Siki ya dukani ya asilimia 5 ni ya haraka kwa vitu vidogo: boliti, vibano, kifuniko cha chuma cha tapeti. Saa 12 hadi 24, brashi, maji, kisha tumbukiza kwenye maji yenye kijiko kimoja cha soda ya kuokea kwa lita ili asidi iishe nguvu. Ila siki ikishamaliza kutu haisimami, inaendelea na chuma kizima. Ukisahau boliti siku tano, nyuzi zake zinakonda. Usiiweke kabisa karibu na shingo za krenki, nundu za kamshafti, au gamba la magnesi la Beetle, ambalo asidi hulila vibaya sana. Springi za valvu pia hapana: asidi huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na springi hiyo hukatika baadaye injini ikiwa kwenye mzunguko.

Asidi ya betri tunaitaja kwa sababu inatumika. Isitumike. Inafanya ubaya wote wa siki mara nyingi zaidi na kwa kasi, na chuma kikitoka humo kinashika kutu upya kabla hujageuka.

Molasi ni ya mtu mwenye subira. Inapatikana kwa wauzaji wa chakula cha mifugo, na viwanda vya sukari vinaitoa kama mabaki ya kutengeneza sukari. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji. Asidi dhaifu zilizomo zinaikamata kutu na kuiyeyusha polepole, wiki moja hadi tatu, huku chuma kizima kikiguswa kidogo sana. Uzuri wake mkubwa dhidi ya njia nyingine ni kwamba maji yake yanafika kila mahali maji ya rejeta yalipofika. Bloku lenye njia za maji zilizoziba ni kazi ya molasi kuliko kitu kingine chochote. Ubaya: inanuka, inavuta nzi na nyuki, na inachacha, kwa hiyo ukiufunga mfuniko ukabana, gesi itaufumua. Weka wavu juu yake. Toa kipande kila baada ya siku tatu ukikague. Na iwe mbali na alumini na zinki. Pistoni iliyosahaulika humo haitarudi kazini.

Umeme ni njia ya tatu, na kwa vipande vya chuma vya ukubwa wa kati ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Beseni la plastiki, maji, na kijiko kikubwa cha soda eshi (soda ya kufulia) kwa kila lita 4. Magadi ya sokoni yanaweza kufanya kazi lakini huwa na chumvi ndani yake, na chumvi haitakiwi hapa. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kipande chako, waya chanya kwenye kipande cha nondo unachokubali kukipoteza. Ukizigeuza, nondo inapona na kipande chako kinaliwa. Visigusane ndani ya maji. Nondo iwe ya chuma cha kawaida. Stenlesi hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Ampea 2 hadi 10 kulingana na ukubwa, saa 6 hadi 24, uwani na si chumbani, kwa sababu mapovu unayoyaona yana haidrojeni. Chaja za kisasa hugoma kuwaka zisipoona betri, basi unganisha betri ya gari katikati. Umeme ukikatika usiku hakuna kinachoharibika, maana maji ya soda hayaleti kutu haraka.

Kasoro yake: inasafisha upande unaotazamana na nondo. Mashimo marefu na njia za ndani zinabaki na kutu yake. Kwa hiyo mabano na sampo ya chuma (bakuli la oili la chini ya injini) viende kwenye umeme. Bloku liende kwenye molasi. Springi na boliti ngumu za konrodi zisiende kokote kati ya hizo, mafuta ya taa na brashi yanatosha.

Kaboni kwenye alumini

Hapa ndipo uharaka unapogharimu zaidi. Pistoni ya zamani ya ukubwa unaohitaji haipatikani kila duka, na hedi ya alumini ya 504 iliyokwanguliwa kwa bisbisi itakulazimu kuipeleka ikasawazishwe.

Kaboni ngumu haiyeyuki kwenye mafuta ya taa. Inalainika kidogo tu. Loweka pistoni usiku mmoja kwenye dawa ya kusafishia kabureta ya kuloweka, kisha kwangua kwa mti mgumu au kipande cha ndoo ya plastiki iliyovunjika, ukirudia mara mbili au tatu badala ya kukazana mara moja. Maji ya moto na sabuni ya vyombo yanasaidia kati ya mzunguko na mzunguko.

Mifereji ya ringi isafishwe kwa ringi yenyewe. Vunja ringi ya zamani ya mfereji ule ule, noa ncha iliyovunjika iwe mraba na isiyo na vijino, kisha ivute taratibu kuzunguka pistoni. Unga mweusi ni kaboni, endelea. Ukiona vumbi linalong'aa, simama hapo hapo: sasa unachonga alumini, na mfereji ukipanuka ringi mpya itacheza, itapiga, na oili itapanda chemba ya moto. Matundu madogo nyuma ya ringi ya oili yazibuliwe kwa kuzungusha kwa vidole biti ya drili inayoingia bila nguvu. Yakibaki yamezibwa, injini itakula oili hata kama ringi ni mpya.

Hedi ya kasti inavumilia brashi ya waya kwenye drili, ila acha valvu za zamani zikiwa zimekaa kwenye viti vyake ili brashi isichubue viti. Hedi ya alumini ipate brashi ya nailoni au ya shaba. Mabaki ya gasketi: wembe uliolazwa kwa kasti, plastiki kwa alumini. Zile sahani za msasa laini za kufunga kwenye grainda zinavutia kwa sababu zinafuta gasketi kwa sekunde, lakini zinaacha punje ngumu zinazoishia ndani ya beringi, na zinachimba mabonde ambayo jicho halioni ila gasketi mpya itayaona. Kwa gamba la Beetle, grainda ni marufuku kwa sababu ya pili: vumbi la magnesi linawaka.

Kabureta: mafuta ya taa, dawa yake, na upepo. Hakuna kostiki, hakuna siki. Jeti isichokonolewe kwa waya. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ambao kandokando ya ziwa haukosekani, unapita bila kukwaruza.

Mchanga

Kupiga mchanga kwa kompresa kunamaliza manifodi ya ekzosi ya kasti ndani ya robo saa, na kwa manifodi, mabano ya injini na vitu visivyoguswa na oili hatuna ugomvi nako. Ila si mchanga wa ufukweni. Umejaa kwazi (madini magumu ya silika), ukipigwa unapasuka kuwa vumbi linalobaki mapafuni na kuleta ugonjwa usiopona. Kitambaa usoni hakilizuii. Tafuta karakana yenye kabati lililofungwa na punje zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Na bloku, krenki, hedi yenye njia za oili, pistoni: hapana, hata kwa punje za kioo. Punje moja iliyojibana kwenye kona ya njia ya oili itabaki hapo ukipuliza upepo, ukisuuza, ukifunga. Itatoka siku oili itakapokuwa ya moto na yenye presha, na itaelekea kwenye beringi mpya.

Uoshe mwenyewe au upeleke?

Kama bloku linakwenda kuchongwa, kwa mfano kwa wakerezaji wa Nyakato, Mwanza, uliza mapema kama wana tanki la kuoshea. Wakiwa nalo, kostiki usiishike kabisa: wewe fanya kazi ya mafuta ya taa, ng'oa vizibo na beringi za kamshafti, waachie wao. Taja kwa sauti, na uandike kwa chaki juu ya kila kipande, kipi ni alumini. Hedi ya 504 ikiingia tanki la kostiki pamoja na bloku lake, hakuna cha kurudisha.

Kwa mwenye Land Rover ambaye bloku na hedi zote ni kasti, tanki au pipa la kostiki lina maana. Kwa mwenye 504, bloku na silinda zake zinaweza kwenda kwenye molasi, hedi ibaki na mafuta ya taa, dawa ya kabureta na subira. Ila vile viti vya chini vya silinda visafishwe kwa kitambaa na brashi laini, si kwa tindo, maana urefu wa silinda kutokeza juu ya bloku unategemea kiti hicho. Mwenye Beetle hana uchaguzi mwingi: mafuta ya taa, sabuni, brashi laini.

Popote utakapopeleka, weka alama kwanza. Karatasi hufa kwenye mafuta. Tumia kipande cha kopo kilichogongwa namba na kufungwa kwa waya. Tapeti na pushirodi (vijiti vinavyosukuma valvu) lazima zirudi pale pale zilipotoka kwa sababu kila moja imesagika kulingana na mwenzake. Trei ya mayai inafaa: mashimo 30, andika namba ya silinda pembeni, na kila kimoja kitoke kuoshwa na kurudi shimoni kabla hujagusa kinachofuata.

Maji machafu yaende wapi

Hili nalo ni sehemu ya kuchagua. Mafuta ya taa yanashinda hapa: yaache yatulie siku tatu kwenye dumu, mimina ya juu kwa kitambaa, yatumie tena mara mbili au tatu; tope la chini lichanganye na oili chafu kwa wanaoikusanya. Kostiki inashindwa vibaya. Lita moja ya kipimo cha gramu 50 ikiwa mbichi inahitaji karibu lita moja na nusu ya siki ili itulie, kwa hiyo lita 70 ni zaidi ya lita 100 za siki. Ndiyo maana ni bora tanki moja linalotumiwa na wengi kwa miezi kuliko pipa la kila gereji. Ukiwa na lako, lifunike, liandike, uendelee kulitumia.

Mfereji wa barabarani si jibu. Unaingia Mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na ziwani ndiko yanakochotwa maji ya mabomba ya jiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza, lakini hata isingekuwepo, sato unayemla jioni anaishi humo.

Mwosho wa mwisho haubadiliki

Ukichagua njia yoyote hapo juu, na hasa baada ya silinda kuchongwa, kuna hatua moja ambayo haina mbadala: maji ya moto na sabuni. Mafuta ya taa na oili hayaondoi vumbi la jiwe la kuchongea lililojikita kwenye mikwaruzo ya silinda. Yanalisukuma tu ndani zaidi. Sabuni inalinyanyua. Maji ya kadiri mkono wenye glovu unavyoweza kuvumilia, sabuni ya unga au ya vyombo, brashi ya nailoni inayojaza silinda, ukisugua juu na chini mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika. Hapo hapo pitisha brashi ndefu nyembamba kwenye kila njia ya oili, kuanzia upande mmoja hadi itokee upande wa pili, vizibo vikiwa nje. Kwenye krenki pitisha katika kila tundu linalotoka shingo moja kwenda nyingine. Huko ndiko tope la miaka hujificha. Suuza, puliza upepo ukiwa na miwani, puliza tena kutokea upande wa pili.

Kisha kitambaa cheupe kilicholoweshwa oili safi kidogo, ndani ya kila silinda. Kikitoka na kijivu, rudi kwenye sabuni. Kikitoka cheupe, paka oili kila mahali palipochongwa, fungia bloku ndani ya nailoni nene na ufunge kwa kamba, uende hatua ya pili ya kazi yako, yaani kupima.